Filimbi Mkononi mwa Ambakisye

Sogeeni. Mliokaa mbali mkaribie, na mwenye mtoto mapajani amtulize, maana ninalolileta leo halikuletwa ili lichekwe tu, limeletwa lipimwe. Nitawawekea watu mbele yenu, nitawaeleza walichotenda, kisha mimi nitanyamaza na ninyi mtasema.

Katika nchi ya Rungwe, mahali ambapo ukungu hukaa juu ya misunobari hata jua likiwa limekwisha kupanda, palikuwa na kiwanda cha mbao. Yeye agawaye karama kwa kila mtu kama apendavyo alikuwa amewagawia watu wa kiwanda kile bila kuwapunja.

Mwenye kiwanda, mjane aitwaye Mama Subilaga, alipewa ulimi usiopinda. Mteja akishika ubao wenye ufa, Mama Subilaga alimwonyesha ufa kabla ya kumtajia bei, na wateja wengine walidhani anawafukuza.

Lugano, mwanamke mpanga mbao, ambaye wafanyakazi walimchagua awe mwakilishi wao, alipewa sikio. Ungekaa naye kidogo tu juu ya rundo la mbao, ukajikuta umemweleza jambo ambalo hukuwa umejieleza hata wewe mwenyewe.

Gwakisa, mpakiaji wa magogo, alipewa sauti. Kwaya ilimtegemea kwa besi, na nje ya kanisa aliwaiga watu wote: mchungaji akikohoa kabla ya matangazo, Mama Subilaga akikataa bei, hata lile lori kuukuu likipanda kilima. Watu walicheka mpaka wakajishika mbavu.

Wa nne ni Ambakisye, fundi wa msumeno. Karama yake ilikuwa katika mkono wa kuume. Kwa mkono huo alinoa meno ya msumeno, na kwa mkono huo alipapasa gogo akajua litapasuka wapi. Hadithi hii ni yake, kwa kuwa mkono ule ndio uliopotea.

Sikilizeni jinsi ulivyopotea.

Desturi ya kiwanda ilikuwa hii. Kila asubuhi wafanyakazi walisimama kwenye baraza ya mbele, wakaimba wimbo mmoja, wakaomba. Kisha Mama Subilaga aliita majina, na kila aliyeitwa alijibu, “Nipo, mama.” Asiyeitika alihesabiwa kuwa hakuja, akarudishwa nyumbani hata kama angetokea muda mfupi baadaye. Majina yakiisha, Mama aliwasha mashine kwa mkono wake mwenyewe.

Sheria hiyo ilikuwa kali, na wale watu walipendana. Basi wakajifunza kuitikiana. Mwenzao akichelewa kwa ajili ya mgonjwa au kwa ajili ya mto uliojaa, mmoja alijikunyata nyuma ya wengine akaitika kwa niaba yake. Lugano alijua, akatabasamu. Ambakisye alijua, na hata yeye alikwisha kufanya hivyo. Waliuita upendo. Nasi tusiwacheke upesi, kwa maana ni wangapi kati yetu waliokwisha kuvika uongo vazi la upendo, wakaupeleka mpaka madhabahuni?

Siku ile mvua ilinyesha tangu alfajiri. Ambakisye aliwatangulia wenzake wote, akakuta shimo la pumba chini ya msumeno limejaa unga wa mbao uliolowa na kushikamana. Akaona kwamba mashine ikiwashwa hivyo, itakwama, na wenzake watapoteza asubuhi nzima. Akaingia shimoni, akaanza kukwangua. Mvua ilipiga bati kwa kishindo hata hakusikia wimbo, hakusikia sala, wala hakusikia jina lake likiitwa.

Huko barazani, Mama Subilaga aliita, “Ambakisye.” Gwakisa alitazama njia, hakumwona mtu. Akamdhania mwenzake amezuiwa na mvua. Akainamisha kichwa nyuma ya bega la mtu, akatoa sauti ya Ambakisye kama ilivyo, yenye ule mkwaruzo wake wa asubuhi, akasema, “Nipo, mama.”

Mama Subilaga akawasha mashine.

Kulikuwa na kifuniko cha chuma kilichopaswa kuufunika mkanda wa mashine. Kilikuwa kimeondolewa msimu uliopita kwa sababu kilichelewesha usafi, nacho kilikuwa kimeegemezwa ukutani, kikiota kutu. Mkanda uliokuwa wazi ukaushika mkono wa Ambakisye.

Sitawaeleza zaidi. Waliokuwapo hawapendi kueleza.

Mama Subilaga ndiye aliyeendesha gari kwenda hospitali. Ambakisye alilala nyuma, kichwa kikiwa mapajani mwa Lugano, mkono umefungwa kwa kanga tatu zilizogeuka kuwa rangi moja. Mbele, kando ya Mama, alikaa shemeji yake, Bwana Angetile, ndugu wa marehemu mumewe. Huyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kumaliza mambo. Kutoka kule nyuma Ambakisye alimsikia akinong’ona kwamba wafikapo hospitali waseme fundi ameumia nyumbani akipasua kuni. Mambo ya namna hiyo, alisema, yalikuwa yakimalizwa nyumbani siku zote: majeruhi hupewa ndama, wazee wakaomba, kila mtu akaenda zake. Wakisema kiwandani, wakaguzi watakuja, na wakaguzi wakija, kiwanda kitafungwa.

Mama Subilaga aliongeza mwendo. Ambakisye aliyasikia yale maneno kama mtu asikiaye hukumu yake ikisomwa katika chumba cha pili. Alijua maana yake. Sheria ya nchi iliweka mfuko wa fidia kwa aumiaye kazini: atibiwe, alipwe kila mwezi kwa kadiri ya alichopoteza, afundishwe kazi anayoiweza. Lakini aumiaye nyumbani akipasua kuni hana mlango huko. Mtu huyo atakula ndama wake, kisha atakaa kwenye benchi la nyuma kanisani, na watu watamhurumia mpaka wachoke. Alimwazia mkewe, Tumpe, aliyekuwa na mimba ya mtoto wao wa kwanza. Akafumba macho.

Walipofika mapokezi ya hospitali, mhudumu aliuliza mgonjwa ameumia wapi. Bwana Angetile alifungua kinywa. Mama Subilaga akamtangulia.

“Ameumia kazini kwangu,” alisema. “Mashine ni yangu. Kifuniko hakikuwapo, na aliyeiwasha ni mimi, kwa mkono huu.”

Akauinua mkono wake ili waone.

Hayo aliyasema pia kwa mfuko wa fidia siku iliyofuata, bila kungoja mtu amtume. Wakaguzi walikuja, wakaona mkanda uliokuwa wazi, wakaufunga mlango wa kiwanda mpaka ulinzi urekebishwe, na adhabu wakamwandikia. Wateja wakahamia kwingine. Bwana Angetile alikuja nyumbani kwake, akakataa chai, akamwambia, “Shemeji, umekiuza kiwanda cha ndugu yangu kwa sentensi moja.”

“Torati haikusema apewe ndama anyamaze,” alijibu Mama Subilaga. “Ilisema aliyemjeruhi mwenzake amlipe wakati aliopotewa nao, na agharimie mpaka apone kabisa. Kabisa, shemeji. Sasa kunywa chai yako, inapoa.”

Bwana Angetile akainywa. Chai ilikuwa nzuri.

Hilo ndilo alilotenda wa kwanza. Bila ulimi ule, madai ya Ambakisye yasingezaliwa. Lakini sikieni jinsi ulimi uleule ulivyokaribia kuyaua.

Afisa wa mfuko wa fidia alikuja kusikiliza. Alikuwa binti mpole, mwenye kuuliza polepole. Aliuliza kila mtu peke yake: je, Ambakisye alikuwapo majina yalipoitwa? Wafanyakazi wote wakasema, “Alikuwapo, tulimsikia akiitika.” Wengine waliamini hivyo. Wengine walijua kwamba mara nyingi mtu huitikiwa, lakini waliogopa kwamba wakisema hakuwa barazani, atahesabiwa kuwa hakuja kazini siku ile, na fidia itamkosa. Walimfunika kwa upendo wao wa siku zote. Hatimaye afisa alimwuliza Mama Subilaga. Naye, asiyejua kusema uongo, alisema alichokisikia kwa masikio yake.

“Niliita jina lake, akaniitikia. Sauti yake naijua.”

Ambakisye pekee, kitandani, mkono wa kuume ukiishia kwenye kifundo, alisema, “Sikuitika. Nilikuwa shimoni.” Alishuku kwamba ameitikiwa, lakini hakumtaja mtu kwa kudhani.

Afisa alifunga kalamu yake taratibu. Akaeleza, bila ukali, kwamba fidia hainyimwi mtu kwa kukosea. Kila mtu hukosea. Lakini kama Ambakisye aliitika barazani, akajua kabisa kwamba mashine inawashwa, kisha akaenda kuingia chini yake, hapo patakuwa na swali kama alijiweka hatarini kwa makusudi, na swali hilo ni zito. Akasema atarudi kabla ya kutoa taarifa yake.

Hapo ndipo kiwanda kilipogawanyika kama pazia la hekalu, tangu juu hata chini. Wafanyakazi, wakisahau kwamba wao wenyewe walisema vivyo hivyo, walidai Mama amesema vile ili kujinusuru. Mama Subilaga, kwa uchungu, alianza kumfikiria fundi wake kuwa mwongo. Ambakisye naye, usiku na mchana, alikaa kama Ayubu kati ya rafiki zake, kila mmoja akimhakikishia kwamba ametenda jambo ambalo hakulitenda. Kilichomwuma kupita kidonda ni kwamba aliyemshuhudia vibaya alikuwa yule yule aliyemtetea mlangoni pa hospitali. Kama angekuwa mwongo, ingekuwa rahisi kumchukia.

“Labda uliitika ukasahau,” Tumpe alimwambia siku moja, akimfunga bandeji. “Maumivu husahaulisha.”

“Hata wewe?” alisema Ambakisye.

Tumpe akainama juu ya bandeji, akakaza fundo.

Ndipo wa pili akaja na karama yake.

Lugano aliburuta gogo moja la msunobari mpaka uani kwa Ambakisye, akawaketisha juu yake wafanyakazi na Mama Subilaga pamoja, bega kwa bega, kwa sababu kulikuwa na gogo moja tu. Wenyewe walisema baadaye kwamba alichagua gogo fupi makusudi. Akaweka sharti: kila mtu aseme alichokiona na kukisikia mwenyewe, mwenye mali na watumishi wasikilizane, na asiwepo wa kumtafsiri mwenzake. Walisema. Mama Subilaga alisema, akalia. Ambakisye alisema. Lugano alisikiliza wote mpaka mwisho, akaondoka na jambo moja tu moyoni mwake: hawa wawili hawasemi uongo, wala mmoja wao, na bado maneno yao hayawezi kuwa kweli pamoja. Asiyemcha Mungu angechagua upande. Yeye alihisi kuna kinywa cha tatu, akangoja kijitokeze.

Jumapili ilipofika, kwaya iliimba, naye akasikia kwamba wimbo umesimama juu ya hewa. Besi haikuwapo. Gwakisa alikuwa amekaa mahali pake, kinywa kikifunguka na kufumba, na hakuna kitu kilichotoka.

Lugano alimkuta jioni migombani, akikata majani ya ng’ombe.

“Kaka, mbona huimbi?”

“Nina kikohozi, dada.”

“Kikohozi kina kelele. Wewe umekuwa kimya kama jiwe.”

Gwakisa aliendelea kukata, ingawa majani yaliyokatwa yalikuwa yamekwisha kutosha ng’ombe wa kijiji kizima. Lugano akakaa chini. Hakumwuliza tena. Hakumtishia kwa jehanamu, ingawa angeweza. Alikaa tu, mpaka Gwakisa akaketi naye, akafunika uso kwa mikono yenye utomvu wa migomba, akasema yote.

Kisha akamsihi Lugano aende yeye kuyasema kwa afisa, kwa kuwa yeye ni mwakilishi na anajua kuzungumza na watu wa ofisini.

Angeweza kwenda. Ingekuwa rahisi kwake, na wengi wangemsifu. Lakini alimwambia, “Siwezi kukuitikia, Gwakisa. Jina lililoitwa safari hii ni lako.”

Hilo ndilo alilotenda wa pili. Bila sikio lile, kweli ingezikwa migombani, na hakuna ambaye angejua mahali pa kuchimba.

Sasa msikilizeni wa tatu, nanyi msimhukumu kabla hajamaliza.

Afisa aliporudi, walikusanyika tena juu ya gogo lile lile uani kwa Ambakisye. Gwakisa alisimama. Alikuwa amevaa shati lake la kwaya, kama mtu aendaye kuzikwa au kubatizwa. Akaungama mbele ya wote: kwamba hakumwona mwenzake, kwamba alimhurumia, kwamba aliinamisha kichwa nyuma ya bega la mtu, kwamba sauti iliyoitika ilikuwa yake. Alijua anachoweka rehani. Angeweza kufukuzwa kazi. Angeweza kupigwa na ndugu wa Ambakisye, ambao baadhi yao walikwisha kusimama. Na sauti yake, ambayo watu waliipenda tangu alipokuwa mdogo, ingekuwa chukizo masikioni mwao.

Afisa alimsikiliza kwa heshima, kisha akasema neno lililowashtua.

“Mtaniwia radhi. Ninyi ni watu mnaopendana. Mnaweza kuwa mmepatana kumwokoa mwenzenu. Nitajuaje?”

Ambakisye alihisi tumaini likimtoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Alimtazama Tumpe, na Tumpe alikuwa akitazama chini.

Gwakisa akageuka, akaelekeza uso wake ukutani. “Mama,” alisema, “ita majina kama ulivyoita siku ile.”

Mama Subilaga alisita. Kisha akaanza kuita, jina baada ya jina, na kila mtu akaitika mahali pake. Akalifikia lile jina.

“Ambakisye.”

“Nipo, mama.”

Wote walimgeukia Ambakisye, na kinywa chake kilikuwa kimefumba. Sauti ile ilikuwa yake: mkwaruzo ule, uzito ule, hata ile pumzi fupi aivutayo kabla ya kusema. Aliisikia mwenyewe ikitoka ukutani. Tumpe alimshika mume wake begani, akaanza kulia, akirudia, “Nisamehe, nisamehe.” Afisa alisahau kuandika.

Mama Subilaga ndiye aliyesema kwanza, na alisema polepole.

“Isaka alikuwa kipofu, lakini alipoisikia sauti ya mwanawe aliitilia shaka, akanyoosha mkono akapapasa. Mimi nina macho mawili. Nilisikia sauti, nikaridhika. Sikupapasa. Na mkono wa mtu ukapotea.”

Ndugu mmoja wa Ambakisye alikuwa amemkamata Gwakisa kwenye ukosi wa shati. Gwakisa hakujitetea. Alisema tu kwamba wamfanye wapendavyo, ila mwenzake apewe haki yake.

“Mwachie,” alisema Ambakisye.

Akasimama kwa shida. Akawaambia kwamba mke wa Gwakisa alipojifungua, Gwakisa alichelewa, na aliyemwitikia asubuhi ile alikuwa yeye, Ambakisye.

“Nilijitahidi kutoa besi,” alisema. “Ilitoka kama mbuzi mwenye mafua. Mama ulicheka, ukaendelea na jina lililofuata.”

“Nilicheka,” alisema Mama Subilaga. “Nakumbuka. Nilidhani Gwakisa ana furaha ya mtoto.”

Mmoja baada ya mwingine, wafanyakazi wakakiri kwamba hata wao waliwahi kuitika kwa jina lisilo lao. Lugano akakiri kwamba alijua na akatabasamu. Hapakubaki mtu wa kurusha jiwe. Yule ndugu akamwachia Gwakisa shati, akaunyoosha na ukosi kidogo kwa kiganja.

Hilo ndilo alilotenda wa tatu. Bila sauti ile, kweli ingesemwa na isiaminiwe.

Haukupita muda mrefu, Mungu akatenda. Madai yalikubaliwa. Ambakisye alihesabiwa kuwa mtu aliyeumia akiwa kazini, akifanya kazi ya mwajiri wake, kwa faida ya wenzake. Matibabu yaligharimiwa, malipo ya kila mwezi yakapangwa, na akapelekwa kujifunza kunoa kwa mkono wa kushoto, akitumia kishikio kilichofungwa kwenye kifundo cha kuume. Siku habari ilipofika, Tumpe alipiga kigelegele kilichosikika mpaka ng’ambo ya mto, mwanamke mmoja wa huko akakijibu bila kujua sababu, na mwingine akamjibu huyo, mpaka bonde zima likawa linashangilia jambo ambalo wengi wao walikuja kuliuliza kesho yake. Ndivyo inavyopasa kuwa haki inapopita: hata wasiojua jina lake waimbe.

Mama Subilaga aliipokea adhabu yake bila manung’uniko. Gwakisa alisimamishwa kazi kwa muda, akaipokea yake, na katika muda huo alikwenda kila asubuhi kumlimia Ambakisye shamba. Ambakisye aliketi kivulini akimkosoa matuta.

Kisha kiwanda kikafunguliwa.

Laiti mngaliiona asubuhi ile. Kifuniko cha mkanda kilikuwa kimesuguliwa kutu, kikapakwa rangi nyekundu, kikafungwa kwa bolti. Mama Subilaga akasimama mbele yake, akawakumbusha kwamba Mungu aliwaagiza watu wake, wajengapo nyumba mpya, wazungushe ukingo juu ya paa lake, mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba. “Huu ndio ukingo wangu,” alisema. “Umechelewa mkono mmoja.” Tena ile desturi ya kuitika kwa kinywa waliiondoa. Tangu siku hiyo kila mfanyakazi hupita mbele na kuweka kiganja chake juu ya gogo la kwanza, kwa kuwa sauti huweza kuazimwa, ila kiganja huja na mwenyewe. Anayechelewa hangojewi wala harudishwi. Huanza kazi anapofika, akishaweka kiganja. Wakaimba. Na besi ya Gwakisa ikaingia chini ya wimbo kama msingi chini ya nyumba, hata Lugano akafumba macho.

Lilibaki jambo moja. Walikubaliana, mwenye mali na watumishi, kwamba mashine haitawashwa tena kwa amri ya Mama peke yake. Itawashwa kwa filimbi. Atakayeishika ndiye atakayetazama shimo, ahakiki kifuniko, ahesabu viganja, kisha apulize. Asipopuliza, hata Mama Subilaga hatagusa swichi. Ni heshima kubwa kuliko zote kiwandani, kwa maana uhai wa wote utakuwa kinywani mwa mtu mmoja. Wakasema kwa sauti moja kwamba atakayeamua wa kupewa ni Ambakisye. Walitaka abaki nayo mwenyewe. Alikataa, akasema kwamba hata yeye aliwahi kuitika kwa jina lisilo lake, na kwamba filimbi hii ni shukrani, wala mtu hajishukuru mwenyewe.

Basi Ambakisye alisimama kati ya watu watatu, filimbi ya shaba katika mkono wake wa kushoto, na kila mtu alikuwa na la kusema.

Bwana Angetile, ambaye sasa alijisifu mjini kwa uaminifu wa shemeji yake, alitaka apewe Mama Subilaga. Yeye alisema kweli ilipomgharimu kiwanda kizima. Nani atamtilia shaka? “Na tena itabaki kwenye ukoo,” akaongeza, watu wakacheka.

Lakini wengine walisema kwamba Mama ndiye aliyewasha swichi akiwa ameridhika na sauti, na kwamba kifuniko kiliota kutu mbele ya macho yake.

Wanawake wapanga mbao walitaka apewe Lugano. Yeye alisikia ambacho wote hawakukisikia, akawaketisha maadui kwenye gogo moja. Nani atalinda shimo kama mwenye sikio?

Lakini wengine walisema kwamba sikio hilohilo lilijua habari ya kuitikiana siku zote, likatabasamu.

Kuhusu Gwakisa, mtu mmoja alisema kwamba akipewa yeye, ataiiga filimbi kwa mdomo, hiyo ya shaba ikae mfukoni. Walicheka tena, na Gwakisa hakucheka. Kisha mzee mmoja wa kupasua magogo alisema taratibu kwamba aliyewahi kuua kwa sauti na akafufua kwa sauti ile ile hatalala usingizi akiwa mlinzi. Kwamba Petro alikana mara tatu, naye ndiye aliyekabidhiwa kondoo.

Lakini Petro, mwingine akamjibu, hakumkata mtu mkono. Akanyamaza ghafla, akikumbuka kwamba Petro alikata sikio.

Ambakisye aliwatazama watatu wale. Mkono wa kuume, ule usiokuwapo, ulimwasha, kama ulivyozoea kumwasha saa ya kuanza kazi. Viganja vyote vilikuwa vimewekwa juu ya gogo. Msumeno ulikuwa kimya, meno yake yaking’aa, yamenolewa kwa mkono wa kushoto. Alikumbuka mkono ulioinuliwa mlangoni pa hospitali. Alikumbuka gogo fupi uani kwake. Alikumbuka sauti yake mwenyewe ikitoka ukutani na kumrudishia maisha. Akajua kwamba kama angeondolewa mmoja tu kati yao, asingekuwa amesimama pale.

Akanyoosha mkono wenye filimbi.

Nami nanyamaza hapa, kama nilivyoahidi. Mkono wa Ambakisye bado umenyooshwa, na watu wa kiwanda wanangoja kuanza kazi. Ulimi uliosema kweli kwa hasara, sikio lililongoja mpaka kweli ikajisema, sauti iliyojeruhi kisha ikaponya: semeni ninyi mlioketi hapa, na kila mmoja aseme kwa kinywa chake, asimwitikie jirani yake. Kama mkono ule ungekuwa wako, filimbi ungeiweka katika kiganja cha nani?